Bangili Inapobana Kupita Kiasi

Daktari aliweka vidole vitatu chini ya kidole gumba cha mgonjwa, pale ambapo mapigo ya mshipa huhisiwa, akanyamaza. Akavisogeza kidogo kuelekea kwenye kiwiko, akabonyeza zaidi, akavirudisha. Kisha akaomba ultrasaundi, akapaka jeli, akaweka kipimio juu ya ngozi, na sote tuliosimama karibu na meza tukatazama kioo. Ateri ilikuwepo, na duara lake lilionekana vizuri, lakini ndani yake hapakuwa na damu inayopita.

Mgonjwa alikuwa amerudi kuwekewa stenti ya pili, yaani kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachouacha mshipa wa moyo ukiwa wazi. Ya kwanza iliwekwa miezi kadhaa nyuma kupitia mkono huohuo wa kulia, na faili lake halikuonyesha tatizo lolote. Aliinua mkono, akafumba na kufumbua vidole, akanitazama.

"Sista, mbona haujawahi kuniuma?"

Nilimwambia, "Mzee, kiganja hulishwa na mishipa miwili, na ule wa pili unatosha." Jibu hilo lilikuwa sahihi. Daktari akahamia mkono wa kushoto, stenti ikawekwa, mgonjwa akarudishwa wodini akizungumza vizuri, na kazi za siku zikaendelea.

Swali lake halikuniacha kwa wiki nyingi zilizofuata. Hakuwa amedhurika kwa namna yoyote ambayo angeweza kuihisi. Kilichonisumbua ni kwamba, kama asingehitaji stenti ya pili, hakuna mtu ambaye angejua kuwa ateri ile imeziba, nasi tungeendelea kuihesabu kazi ya kwanza miongoni mwa zile zilizokwenda salama kabisa.

Nimekuwa nikiwahudumia wagonjwa wa moyo kabla na baada ya kuwekewa stenti kwa muda wa kutosha kuamini njia ya mkononi kwa moyo wote. Bado naiamini. Ndiyo maana sikuweza kulinyamazia jambo hili.

Kwa nini njia ilihamia mkononi

Kwa miaka mingi njia ya kwenda kwenye moyo ilipitia kinenani. Andreas Grüntzig alipotanua ateri ya moyo wa mgonjwa kwa puto kwa mara ya kwanza, mjini Zürich mwezi Septemba 1977, aliingilia kwenye ateri ya paja, na alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa ni mshipa mpana, ulionyooka, unaopokea vifaa vinene bila ubishi. Tatizo lake huanza vifaa vinapotolewa. Ateri hiyo imejificha ndani ya nyama laini na mafuta, na tundu lake linaweza kuvujia upande wa juu, nyuma ya utando wa tumbo, mahali ambapo damu nyingi inaweza kukusanyika kabla ngozi haijaonyesha dalili yoyote. Muuguzi aliyewahi kukandamiza kinena cha mgonjwa kwa mikono miwili huku akiona shinikizo la damu likishuka, bila kujua damu inakwenda wapi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal alichapisha taarifa ya wagonjwa 100 waliopigwa picha za mishipa ya moyo kupitia ateri ya kifundo cha mkono. Miaka mitatu baadaye Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alianza kutanua mishipa ya moyo kwa njia hiyohiyo, na haukupita muda mrefu akawa anaweka stenti. Ni vizuri kukumbuka hali ya wakati ule. Stenti zilikuwa ngeni, na hofu ya kuganda kwa damu ndani yake ilikuwa kubwa, hivyo wagonjwa walipewa dawa nzito za kuzuia damu isigande, wakavuja damu kinenani kwa wingi. Stenti iliokoa moyo, lakini paja likalipa.

Hoja ya mkono ni ya kimaumbile, na ni nyepesi kuielewa. Ateri ya upande wa kidole gumba imelala karibu na ngozi, na chini yake kuna mfupa.

Damu ikitoka, inaonekana. Ukibonyeza, inakoma.

Kiemeneij na wenzake waliwagawa wagonjwa 900 katika makundi matatu, yaani waliopitia kifundo cha mkono, waliopitia ateri ya mkono karibu na kiwiko, na waliopitia paja, kisha wakachapisha matokeo mwaka 1997. Madhara makubwa mahali pa kuingilia yaliwapata asilimia 2.3 ya kundi la kiwiko na asilimia 2.0 ya kundi la paja. Katika kundi la kifundo cha mkono hayakumpata hata mmoja. Walioshindwa kufikiwa kwa njia ya kifundo walikuwa wengi kuliko wa paja, na hilo nalo halikufichwa.

Mgonjwa mwenyewe huona tofauti nyingine ambayo takwimu huipita haraka. Aliyepitia paja hulazwa chali kwa saa kadhaa, mguu umenyooka, akiomba chombo cha kujisaidia akiwa amelala. Aliyepitia mkono huketi, hula, huenda msalani kwa miguu yake. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo, au mwanamume mwenye shida ya tezi dume asiyeweza kukojoa akiwa amelala, hiyo ni tofauti kubwa.

Takwimu zinasema nini hasa

Nilipoanza kurudia tafiti kubwa, nilitaka kujua kama imani yangu ina msingi au ni mazoea tu ya mahali pa kazi. Utafiti wa RIVAL, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wagonjwa 7,021 katika nchi 32. Kipimo chake kikuu kilijumlisha vifo, mashambulio ya moyo, viharusi na uvujaji mkubwa wa damu usiohusiana na upasuaji wa kupandikiza mishipa, na kwa kipimo hicho mkono na paja havikupishana kwa kiasi cha kutajwa: asilimia 3.7 kwa asilimia 4.0. Yaliyopungua waziwazi ni madhara makubwa ya mshipa wenyewe, yaani asilimia 1.4 mkononi na asilimia 3.7 pajani.

Nakiri kwamba matokeo hayo yalinipunguza kasi. Nilikuwa nimezoea kusikia, na mimi mwenyewe kurudia, kwamba njia ya mkononi huokoa maisha, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa kwa kila mgonjwa.

Mwaka 2015 ukaja utafiti wa MATRIX, wenye wagonjwa 8,404 waliokuwa na shambulio la moyo au dalili za karibu na hilo. Hapo waliokufa katika siku 30 walikuwa asilimia 1.6 katika kundi la mkono na asilimia 2.2 katika kundi la paja. Lakini mwaka 2020 utafiti wa Kanada uitwao SAFARI-STEMI, uliofanywa na madaktari wenye uzoefu wa njia zote mbili, haukuona tofauti ya vifo, ingawa ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi ya wagonjwa iliyokusudiwa. Halafu mwaka 2022 takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka tafiti saba, jumla ya wagonjwa 21,600, ziliunganishwa, na picha ikaegemea tena mkononi: vifo asilimia 1.6 kwa asilimia 2.1.

Ninavyozisoma, tofauti ni ndogo, ni ya kweli, na sehemu ya chanzo chake ni damu isiyomwagika. Mgonjwa anayevuja damu nyingi huongezewa damu, husimamishiwa dawa zinazolinda stenti yake, figo zake hupungukiwa, na kutokana na msururu huo wapo wasiovuka. Mgonjwa asiyevuja huendelea na dawa zake. Kwa hiyo ninakubaliana na miongozo ya Ulaya na ya Marekani, ambayo sasa huuweka mkono mbele ya paja pale wafanyakazi wanapokuwa na ujuzi nao. Sharti hilo la ujuzi si pambo la sentensi.

Mshipa unapokaza

Ateri ya kifundo cha mkono ina upana wa milimita 2 hadi 3 kwa watu wengi. Mrija mfupi wa kuingilia unaotumika sana, wa namba 6, una tundu linalozidi kidogo milimita 2 na unene wa nje wa milimita 2.5 hivi. Zisome tena namba hizo utaona kwamba kwa watu wengi, hasa wanawake na watu wenye maumbo madogo, mrija unakaribia kuujaza mshipa au kuutanua. Aidha, ukuta wa ateri hii una misuli mingi kwa ukubwa wake, na misuli hiyo hujibu kila kitu: maumivu, baridi, hofu, sindano iliyorudiwa.

Inapokaza, hujikunja kama konokono aliyeguswa pembe.

Nimesimama karibu na mgonjwa wakati wa mkazo huo. Alikuwa mwanamke mwenye vifundo vyembamba, na kwa dakika za mwanzo alikuwa ametulia. Kisha uso ukabadilika, akasema mkono unamchoma hadi begani. Daktari alijaribu kuigeuza katheta, ule mrija mrefu mwembamba unaofika moyoni, ikagoma. Aliisukuma kidogo, ikagoma. Aliivuta, nayo ikafuatana na mshipa, kiasi kwamba ngozi ya mkono ilionekana kusogea. Hapo daktari aliacha kila kitu. Hakuvuta tena. Akaomba dawa ya kutuliza maumivu na usingizi mwepesi, akaongeza nitrogliserini, dawa ya kulegeza mishipa, moja kwa moja ndani ya mshipa, tukafunika mkono kwa kitambaa chenye joto, tukasubiri. Sikumbuki kama kuna aliyezungumza. Baadaye katheta ikasogea yenyewe kwa vidole viwili tu.

Mengi hufanywa ili hali hiyo isitokee, nayo hufanywa kabla mgonjwa hajaanza kusikia maumivu: dawa ya wasiwasi mapema, ganzi ya kutosha, ultrasaundi ili sindano ipate mshipa kwa jaribio la kwanza, nitrogliserini au verapamili, nayo ya kulegeza mshipa, kupitia mrija (verapamili huchoma, na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo kabla), na mrija mwembamba kadiri kazi inavyoruhusu. Hata hivyo maumbile yana neno lake. Zipo ateri zilizojikunja duara zima chini ya kiwiko, zipo zinazoanzia juu mno kwapani, na upo mshipa wa bega la kulia ambao kwa watu wachache hupita nyuma ya umio kabla ya kufika kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ukaifanya kazi ya dakika chache kuwa mapambano.

Katika RIVAL, asilimia 7.6 ya waliopangiwa mkono walilazimika kuhamishiwa njia nyingine, ilhali waliopangiwa paja waliohamishwa ni asilimia 2.0. Daktari ninayemheshimu zaidi ni yule anayejua wakati wa kuhama, kwa sababu katika shambulio la moyo misuli inakufa huku sisi tukibishana na mshipa wa mkononi.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Kadiri mkono unavyotumika kwa wote, ndivyo mikono ya madaktari inavyosahau paja. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, katika taasisi ileile aliyofanyia kazi Campeau, walionyesha kwamba wagonjwa wa zama hizi waliolazimika kupitia paja walipata madhara ya mshipa kwa wingi kuliko wagonjwa wa zama za zamani, wakati paja lilipokuwa njia ya kila siku. Wakaliita jambo hilo kitendawili cha Campeau. Mgonjwa anayehamishiwa paja leo mara nyingi ndiye mgonjwa mgumu zaidi, mwenye moyo dhaifu zaidi, anayehitaji vifaa vinene zaidi. Paja lazima liendelee kufundishwa, kwa ultrasaundi, kwa wagonjwa tulivu, kabla ya usiku ule ambapo hakuna njia nyingine.

Muda wa saa mbili

Sasa nirudi kwenye kile kilichonisumbua.

Stenti ikishawekwa, mrija hutolewa na mgonjwa huvishwa bangili ya plastiki yenye kifuko cha hewa, ambacho hukaa juu ya tundu. Tunajaza hewa kwa sirinji, mililita 15 hivi, mrija unavutwa, kisha hewa inapunguzwa kidogokidogo mpaka tundu lifunge lenyewe. Kwa kawaida inachukua muda wa saa mbili, wakati mwingine zaidi. Daktari ameshaondoka. Picha za kabla na baada zimeshapendeza kila aliyeziona. Kilichobaki ni muuguzi, mgonjwa na bangili.

Katika muda huo ndipo ateri nyingi huziba.

Sababu yake haina fumbo. Ukuta wa mshipa umekwaruzwa, damu inataka kuganda, na kama bangili imebanwa kiasi cha kusimamisha damu kabisa, basi ndani ya ateri kuna damu iliyotuama juu ya ukuta uliojeruhiwa. Donge hutengenezwa pale. Bangili ikifunguliwa, kila kitu kinaonekana safi: hakuna damu kwenye shuka, hakuna uvimbe, mgonjwa anatabasamu. Na vidole bado vina joto, kwa sababu damu inazunguka kutoka mshipa wa pili kupitia upinde wa kiganjani. Mara nyingine hata mapigo yanahisiwa juu ya kifundo, yakiwa yamerudi kinyumenyume kutoka kiganjani, yakamdanganya anayepima kwa vidole peke yake.

Utafiti uitwao PROPHET, uliochapishwa mwaka 2008, uliwachukua wagonjwa 436 na kulinganisha ubanaji wa kawaida na ubanaji unaoacha damu ipite. Kwa ubanaji wa kawaida, baada ya saa 24 ateri zilikuwa zimeziba kwa asilimia 12 ya wagonjwa. Kwa ubanaji wa kuachia damu, asilimia 5. Baada ya siku 30 zilikuwa asilimia 7 kwa asilimia 1.8.

Njia yenyewe haihitaji mashine mpya. Unamvika mgonjwa kipimo cha oksijeni kwenye kidole gumba au kidole cha shahada cha mkono uleule. Unabonyeza kwa nguvu ateri ya upande wa kidole kidogo, ili usipate jibu la uongo kutoka mshipa wa pili. Kisha unatazama mstari wa mapigo kwenye kioo. Mstari ukiwa umelala bapa, bangili imefunga mshipa. Unapunguza hewa kidogo, mililita moja kisha nyingine, mpaka mawimbi yarudi, na unaangalia tundu lisitoe damu. Likitoa tone, unaongeza hewa kidogo sana na kusubiri. Unarudia baada ya robo saa. Unaandika.

Nililitafakari jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini, ingawa maarifa haya yana miaka mingi, bangili huendelea kubanwa kupita kiasi karibu kila mahali zinapotumika. Sidhani ni uzembe. Nadhani ni namna lawama zinavyogawanywa. Muuguzi akilegeza mapema, damu inaruka, shuka linachafuka, ndugu wa mgonjwa wanashtuka, daktari anaitwa, taarifa inaandikwa. Muuguzi akibana kupita kiasi, hakuna kinachotokea. Hakuna damu, hakuna simu, hakuna taarifa, na zamu inaisha kwa utulivu. Kosa la kulegeza hupiga kelele papo hapo, na kosa la kubana hukaa kimya miezi na miaka. Mtu yeyote mwenye wagonjwa wanane na zamu ya usiku atajifunza haraka kosa lipi liepukwe.

Kwa hiyo kumwambia muuguzi awe mwangalifu zaidi hakutoshi. Anapaswa kupewa muda, kipimo, na hakikisho kwamba tone la damu lililodhibitiwa halitahesabiwa kuwa aibu.

Daktari naye ana sehemu yake, na ni kubwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba bila heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ateri ziliziba kwa asilimia 71 ya wagonjwa, na kwa uniti 5,000 ziliziba kwa asilimia 4.3. Anayetoa heparini pungufu kwa sababu ya kazi fupi ya kupiga picha tu, huku hakuna stenti iliyowekwa, anatuletea wodini mshipa ulio nusu ya njia ya kuziba.

"Mkono hauumi, basi kuna hasara gani?"

Niliulizwa swali hili na mwenzangu mmoja, kwa nia njema, na ni swali la haki. Zamani tuliogopa kwamba mshipa ukiziba kiganja kitakufa. Kila mgonjwa alifanyiwa kipimo alichokieleza Edgar Allen mwaka 1929, cha kubonyeza mishipa yote miwili na kuangalia rangi ya kiganja inavyorudi, na aliyeshindwa kipimo alinyimwa njia ya mkononi. Mwaka 2014 utafiti wa RADAR ulichunguza wagonjwa wenye matokeo mazuri, ya kati na mabaya ya kipimo hicho, na haukuona viganja vikipungukiwa damu kwa sababu ya njia ya mkononi. Vituo vingi vimeacha kukitumia kama mlango wa kukubali au kukataa, na nadhani wamefanya sawa.

Kwa hiyo kweli, mkono mara nyingi hauumi. Lakini ateri ile ina kazi nyingine ambazo huenda bado hazijafika.

Ya kwanza ni ile niliyoiona siku ile: ugonjwa wa mishipa ya moyo hurudi, na mgonjwa mwenye stenti moja anaweza kuhitaji nyingine, pengine usiku, pengine katika hali ambayo kila dakika ina thamani. Ya pili ni upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, ambamo ateri hii hutolewa mkononi na kushonwa kwenye moyo. Madaktari wa upasuaji huikwepa ile iliyokwisha kupitishiwa vifaa, hata ikiwa wazi, kwa sababu ukuta wake wa ndani umeshaguswa.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Kisukari na shinikizo la juu la damu hula moyo na figo kwa wakati mmoja. Mgonjwa anayewekewa stenti leo akiwa na figo zinazodhoofika anaweza, baada ya miaka, kuhitaji kusafishwa damu, na njia bora ya kusafishiwa ni fistula inayounganisha ateri na vena, mara nyingi palepale kwenye kifundo. Je, tumtumie mkono ili asivuje damu leo, au tumtunzie mkono kwa ajili ya siku ambayo huenda isifike? Nimewasikia madaktari wa moyo na wa figo wakilijibu swali hili kwa namna tofauti, kila upande ukimfikiria mgonjwa. Mimi naelekea upande wa kuutunza mkono kwa yule ambaye figo zake zimekaribia kushindwa, na kuutumia kwa wengine, lakini nasema hivyo nikijua kwamba kuna mgonjwa wa figo ambaye uvujaji wa pajani ungemwua kabla ya kuifikia fistula.

Kwa muda nilifikiri jibu lingekuwa kuhamisha tundu lenyewe. Mwaka 2017 Kiemeneij, yuleyule wa Amsterdam, alichapisha uzoefu wake wa kuingilia mbele zaidi, kwenye kishimo kinachoonekana nyuma ya kidole gumba ukikinyoosha. Tundu likiwa pale, hata likiziba, damu huendelea kupita kwenye ateri ya kifundo kupitia matawi ya kiganja. Nilivutiwa sana. Kisha mwaka 2022 yakatoka matokeo ya DISCO RADIAL, wagonjwa zaidi ya 1,300, waliogawanywa kati ya kishimo hicho na kifundo cha kawaida, huku pande zote mbili zikifuata masharti magumu ya kuzuia kuziba: heparini ya kutosha, mirija myembamba, ubanaji unaoacha damu ipite. Ateri ziliziba kwa asilimia 0.31 upande wa kishimo na asilimia 0.91 upande wa kifundo, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito.

Niliisoma taarifa ile nikiwa natafuta ushindi wa kishimo. Nilichokipata ni kifundo cha kawaida, kilichohudumiwa kwa uangalifu, kikiwa chini ya asilimia moja.

Ateri iliyozibika ya mgonjwa wetu huenda ingebaki wazi palepale ilipotobolewa.

Kabla mgonjwa hajatoka

Yapo mambo ambayo yakijulikana mapema hurekebishika. Mwaka 2011 utafiti mmoja ulionyesha kwamba ateri ikigundulika imeziba saa chache baada ya bangili kuondolewa, kubonyeza ateri ya pili kwa saa moja, ili damu ilazimike kutafuta njia kupitia ile iliyoziba, huifungua kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa waliopewa uniti 5,000 za heparini, ateri zilizoziba zilipungua kutoka asilimia 2.9 hadi asilimia 0.8. Saa moja ya kubonyeza! Hakuna dawa mpya, hakuna gharama, lakini lazima ujue kwamba imeziba, na huwezi kujua bila kupima, na ukipima baada ya wiki mbili donge limekwisha kuwa gumu.

Siku hizi mgonjwa anaweza kuondoka siku ileile aliyowekewa stenti, na ni jambo zuri kwake. Pia ina maana kwamba nafasi ya kuigundua ateri iliyoziba inaisha jioni hiyo hiyo.

Nilipendekeza wodini kwetu kwamba fomu ya kumruhusu mgonjwa iwe na mstari mmoja wa nyongeza: mapigo ya ateri ya kidole gumba, yamepimwa huku ateri ya pili imebonyezwa, yapo au hayapo, saa ngapi, na nani amepima. Mstari umekubaliwa. Ubishi uliobaki ni kama mgonjwa aambiwe pale ambapo jibu ni "hayapo" na juhudi za kufungua zimeshindwa. Wapo wanaosema tutamtia hofu bure kwa jambo lisilomletea maumivu, na nawaelewa, kwa sababu mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kwenye shambulio la moyo ana mengi ya kuogopa.

Mimi nimesema aambiwe, na aandikiwe kwenye kadi anayotembea nayo, mkono upi na tarehe gani, kwa kuwa daktari atakayempokea safari ijayo huenda asiwe wa kwetu, na faili letu halitakuwa mbele yake.

Kikao kijacho kitaamua.